Fisadi, mzalendo, kibaraka: mwongozo kamili wa kuandika wasifu wa mwanasiasa kwenye Wikipedia bila sentensi yako kufutwa

Jumamosi iliyopita hapa Moshi kijana mmoja alinionyesha simu yake. Sentensi yake kwenye wasifu wa mbunge wa zamani ilikuwa imefutwa kwa mara ya nne. Ilisomeka hivi: "Ni mwanasiasa nguli, mzalendo wa kweli na mtetezi wa wanyonge." Aliyeifuta alikuwa ameweka ya kwake: "Ni kibaraka aliyewasaliti wananchi." Nayo ikafutwa. Ukurasa ukabaki hauna hata mwaka ambao yule mtu aliingia bungeni.

Nimeliona jambo hili Moshi na Arusha mara nyingi mno. Wanaoandika si wavivu wala si waongo, na habari za watu wa kwao wanazijua kuliko huyo anayewafuta. Wanachokosa ni utaratibu wa kulishughulikia neno moja: lile jina la sifa au la lawama ambalo siasa humbandika mtu. Utaratibu wenyewe ni huu.

## Vitu vya kuandaa

- Akaunti yenye jina lisilo na chama ndani yake. Jina kama "KamandaWaMageuzi" au "KijaniDaima" litakuponza kabla hujaandika neno.
- Vyanzo visivyopungua vitatu, vyenye wamiliki tofauti. Uhuru ni gazeti la CCM, HabariLeo ni la serikali, Mwananchi ni la kampuni binafsi. Yote yanatumika, lakini habari tatu za gazeti moja zihesabu kama chanzo kimoja.
- Kumbukumbu rasmi: Hansard ya Bunge (taarifa rasmi ya yaliyosemwa bungeni), matokeo ya Tume ya Uchaguzi, hukumu za mahakama. Hizi ni za kuthibitisha tarehe, kura na maneno yaliyosemwa. Usizitumie kujitungia hitimisho ambalo hakuna mwandishi mwingine aliyelifikia.
- Kamusi nzuri ya Kiswahili. Utaihitaji hatua ya 3.
- Muda wa wiki moja. Kazi hii haifanywi usiku mmoja ukiwa na hasira.

Habari za kwenye magrupu ya WhatsApp na vipande vya video vya mikutano ya hadhara viache pembeni. Vitakusaidia kujua nini cha kutafuta gazetini, basi.

## Hatua ya 1: Jiulize una nini na mtu huyu

Kama wewe ni kada wa chama chake, mwajiriwa wake, ndugu yake wa karibu au uliwahi kugombea naye, usiiguse makala. Andika ombi kwenye ukurasa wa Majadiliano, ule ulioambatana na makala ambako wahariri huzungumza, useme wazi uhusiano wenu, na umwachie mwingine ahariri. Ukilipwa kuandika, masharti ya matumizi ya Wikimedia yanakutaka utangaze anayekulipa.

Huku kwetu kila mtu ni shemeji au binamu wa mtu. Undugu wa mbali haukuzuii kuandika, ila utaje mapema. Ukifichuliwa na mwingine, hata sentensi zako nzuri zitatiliwa shaka.

Onyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inaadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo. Kumwita mtu aliye hai mwizi bila chanzo kunamuumiza yeye, na wewe kunaweza kukufikisha mahakamani.

Utajua uko tayari ukiweza kutaja kosa moja la mwanasiasa unayempenda na jema moja la usiyempenda, yote mawili yakiwa na chanzo. Ukishindwa, chagua mtu mwingine wa kuandika habari zake.

## Hatua ya 2: Soma Majadiliano na historia ya ukurasa

Kabla ya kubonyeza Hariri, fungua Majadiliano, kisha fungua historia ya makala, yaani orodha ya mabadiliko yote yaliyofanywa. Tazama kama neno unalotaka kuliweka au kuliondoa lilishawahi kugombewa, nani alisema nini, na walikubaliana nini. Waliokutangulia wakishakubaliana na wewe ukaja na neno lilelile bila hoja mpya, utafutwa na hakuna atakayekueleza.

## Hatua ya 3: Panga maneno mafungu matatu

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Chukua daftari, nakili kila neno linalomweleza mtu huyu, kisha uligawe.

Fungu la kwanza ni vyeo na matendo yanayothibitika. Mbunge wa Vunjo, Waziri wa Fedha, mwenyekiti wa chama, mgombea urais. Haya hayana ugomvi, weka tarehe na chanzo uendelee.

Fungu la pili ni jina alilojiita mwenyewe. Julius Nyerere alijitangaza mjamaa, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliiweka siasa hiyo hadharani. Kumwita mjamaa si kumsingizia wala kumpamba. Lakini mtu kujiita "mtetezi wa wanyonge" hakumfanyi kuwa hivyo. Majina ya aina hiyo yaandikwe kama kauli yake: "alijitambulisha kuwa…"

Fungu la tatu ni jina alilopachikwa na wengine. Fisadi, kibaraka, msaliti, shujaa, nguli, chawa, dikteta, gaidi. Angalia kwamba sifa nazo ziko humu. Watu wengi huja kwangu wakidhani kuegemea upande ni kutukana tu. "Mzalendo" ni hukumu sawasawa na "msaliti", maana ukimwita mmoja mzalendo umeshawaambia wasomaji wapinzani wake ni watu gani.

Mfano wa hapa nyumbani ni Mangi Meli, mtawala wa Kichagga wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Kwa watawala wale alikuwa mwasi. Kwa wazee wa mlimani ni shujaa. Makala inayosema "aliongoza mapigano dhidi ya Wajerumani, wakamnyonga", kisha ikaeleza nani anamkumbuka vipi, haihitaji kuchagua kati ya maneno hayo mawili.

Yapo maneno ya Kiswahili yanayodanganya macho, nayataja moja moja.

*Mpinzani.* "Mbunge wa chama cha upinzani" ni jambo linalothibitika. "Mpinzani" likisimama peke yake linamfanya aonekane mtu wa kupinga kila kitu. Taja chama.

*Fisadi.* Fungua kamusi: neno hili lina maana ya mharibifu, hata mwasherati. Siasa zetu, hasa tangu mwaka 2007, zimelifanya liwe na maana ya anayekula mali ya umma. Ni tuhuma ya jinai iliyovishwa joho la neno moja. Bila hukumu ya mahakama, haliwi maelezo ya mtu kwa sauti ya makala.

*Mheshimiwa, Hayati, Dkt.* Heshima ni jambo jema na hakuna anayekukataza kumwamkia mzee. Lakini kamusi elezo huandika jina tu. "Hayati" ondoa, andika "alifariki" na tarehe. "Baba wa Taifa" liandike kama jina analojulikana nalo Nyerere nchini Tanzania, bila kulitumia mahali pa jina lake katika kila sentensi.

*Kabila.* "Mwanasiasa wa Kichagga" na "mwanasiasa wa Kimasai" hazina kazi katika sentensi ya kwanza. Kaskazini tunajua jinsi kabila linavyotumika kuwapachika watu chama, na chama kupachikwa kabila. Andika alizaliwa wapi, inatosha. Mangi Mkuu wa Wachagga, Thomas Marealle, ni habari nyingine, kwa sababu Uchagga ulikuwa ndani ya cheo chenyewe.

*Vitenzi.* Hivi ndivyo vinavyopita bila kuonekana. "Alidai" humtia mtu shaka. "Alibainisha" na "alifichua" humthibitishia ukweli. "Alikiri" humtia hatiani. "Aliropoka" ni tusi. Tumia "alisema" au "alieleza", hata likijirudia mara kumi.

Utajua umemaliza fungu la tatu likiwa na orodha yake, na pembeni ya kila neno umeandika nani alilitamka kwanza. Ukikosa jina la mtamkaji, lifute neno hilo daftarini.

## Hatua ya 4: Geuza jina liwe tendo

Jina la kisiasa ni habari iliyofupishwa na mtu mwenye haraka. Kazi yako ni kuikunjua. Tuchukue Edward Lowassa wa Monduli, maana sijaona wasifu uliowahi kuvutwa huku na huku kuliko huo.

Toleo la wanaomlaumu: "Fisadi wa Richmond aliyekisaliti chama chake, kisha akarudi kuomba msamaha."

Toleo la wanaompenda: "Mzalendo aliyetolewa kafara, akaongoza mabadiliko, hatimaye akarudi nyumbani."

Sasa kunjua:

"Edward Lowassa (26 Agosti 1953 – 10 Februari 2024) alikuwa mwanasiasa wa Tanzania. Alikuwa Waziri Mkuu kuanzia Desemba 2005 hadi alipojiuzulu Februari 2008, baada ya kamati teule ya Bunge kutoa ripoti kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Lowassa alikana kutenda kosa na alilalamika bungeni kwamba kamati haikumhoji. Julai 2015 alihama CCM na kujiunga na Chadema, akagombea urais mwaka huo na kupata asilimia 39.97 ya kura. Machi 2019 alirudi CCM."

Soma tena polepole. Richmond imo, kukana kwake kumo, kuhama kumo, kurudi kumo. Anayemlaumu hawezi kusema umeficha, na anayempenda hawezi kusema umetukana. Halafu angalia vitenzi: "alijiuzulu", "alihama", "alirudi". Mahali pake pangeweza kukaa "alijivua gamba", "alisaliti" au "alirudi nyumbani", na kila kimoja kingekuwa bendera ya upande fulani. Vivyo hivyo "kuunga mkono juhudi", maneno yaliyotumiwa sana na waliohama upinzani kwenda CCM wakati wa Rais Magufuli. Ni maneno ya mhamaji mwenyewe. Wewe andika "alihamia CCM", na kama sababu aliyoitoa ina umuhimu, iweke kama maneno yake.

Fanya zoezi hili kwa Augustine Mrema nawe utaona linavyorahisisha. Huhitaji "mwanamageuzi" wala "kigeugeu". Alikuwa Naibu Waziri Mkuu, aliondoka CCM mwaka 1995, aligombea urais mwaka huo kwa NCCR-Mageuzi, akahamia TLP, na baadaye akawa mbunge wa Vunjo. Msomaji mwenyewe atajua amwiteje.

Utajua umefaulu ukimpa sentensi mtu usiyejua chama chake, akaisoma asijue chama chako.

## Hatua ya 5: Neno likibaki, mpe mwenyewe

Mara nyingine neno lenyewe ni sehemu ya historia. Watu walilitamka, likatikisa nchi, huwezi kulikwepa. Basi liandike pamoja na aliyelisema, lini na wapi: "Mwaka fulani, mbunge fulani alimwita…, naye akajibu…" Jibu la aliyeitwa liwe karibu, lisitupwe aya tano mbele.

Futa kabisa "inasemekana", "wengi wanaamini" na "wachambuzi wa mambo wanasema". Wengi gani? Ukishindwa kujibu, huna sentensi.

Hapa nisieleweke vibaya. Kutoelemea upande hakuna maana ya kugawa kila jambo nusu kwa nusu kama muwa. Mambo yaliyokwisha kuamuliwa yasemwe wazi, na jiji la Arusha lina mfano wake. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilikaa hapo. Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Rwanda mwaka 1994, alikiri makosa mbele yake, na mwaka 1998 akahukumiwa kifungo cha maisha. Kwake andika bila kupepesa: "alipatikana na hatia ya mauaji ya kimbari." Kuandika "anayedaiwa" ni kupotosha. Na hapo "alikiri" ni neno halali, kwa kuwa ndilo lililotokea.

André Ntagerura, aliyekuwa waziri wa Rwanda, alishtakiwa mahakama hiyohiyo, akaachiwa huru mwaka 2004, na rufaa ikathibitisha uamuzi huo mwaka 2006. Kesi yake itajwe, na mwisho wake utajwe katika pumzi hiyohiyo. Kumwita leo "mtuhumiwa wa mauaji ya kimbari" ni kumrudisha kizimbani alikotolewa na majaji.

"Gaidi" na "mpigania uhuru" vipime kwa uzito huohuo. Nelson Mandela aliendelea kuwa kwenye orodha ya Marekani ya watu wanaohusishwa na ugaidi hadi mwaka 2008, miaka mingi baada ya kuwa Rais. Orodha inatajwa kama orodha, na mwenye orodha anatajwa.

## Hatua ya 6: Ukitafsiri, usihamishe jina kwa upofu

Wasifu mwingi wa wanasiasa wa nje huanza kama tafsiri. Majina ya siasa za kule hayakai vizuri huku.

Bernie Sanders wa Marekani hujiita msoshalisti wa kidemokrasia. Nimekuta mtu amemwita "mjamaa". Msomaji wa Arusha akisoma "mjamaa" anaona Azimio, vijiji vya ujamaa, mashamba ya pamoja na Nyerere mwenyewe. Sanders hana habari na hayo. Acha "msoshalisti", useme ndivyo anavyojiita, na utaje sera moja au mbili anazozitetea.

"Mliberali" ni mtego mwingine. Marekani neno hilo huelekea kushoto, ilhali chama cha Liberal cha Australia ndicho chama kikubwa cha wahafidhina. "Mrengo wa kulia" na "mrengo wa kushoto" tumia pale tu vyanzo vingi vimetumia, na ueleze kwa maneno machache maana yake katika nchi hiyo. Kuvipachika kwa vyama vya Tanzania sikushauri. Vyama vyetu havikujipanga kwa mistari hiyo, na utatumia aya nzima kueleza neno ambalo hukulihitaji.

## Hatua ya 7: Angalia utangulizi, kisanduku na jamii

Maneno yenye mwenyewe hukaa ndani ya makala, penye nafasi ya kueleza. Utangulizi ubebe yale ambayo mwili wa makala umeyaeleza kwa upana. Jambo la sentensi moja chini lisipandishwe kuwa sentensi ya kwanza juu.

Kisanduku cha taarifa kando ya makala na jamii zilizo chini kabisa, yaani makundi ambamo makala hupangwa, ni hatari zaidi, kwa sababu hazina nafasi ya "kwa mujibu wa". Ukiweka mtu kwenye jamii ya mafisadi umemhukumu kwa neno moja bila chanzo wala jibu lake. Jamii ziwe za fungu la kwanza peke yake: wanasiasa wa Tanzania, wabunge, mawaziri. Kwa aliyehama chama, andika vyama vyote na miaka yake.

## Hatua ya 8: Fungua mjadala kabla ya ugomvi

Kwa neno lolote la fungu la tatu, iwe unaliweka au unaliondoa, anza kwenye Majadiliano. Unaweza kuandika hivi:

"Ndugu wahariri, habari za kazi. Naomba tujadili neno 'kibaraka' katika aya ya pili. Limetokana na chanzo kimoja, nacho ni tahariri ya maoni. Napendekeza tuandike alichofanya: kwamba alipiga kura ya ndiyo kwa muswada huo, pamoja na tarehe, na kama neno litabaki tumtaje aliyelisema. Nasubiri siku saba kabla ya kubadilisha." Kisha weka saini yako kwa alama nne za ~~~~.

Tazama kilichokosekana humo. Hakuna neno juu ya mwanasiasa kama ni mtu mwema au mbaya, wala juu ya mhariri aliyeliweka. Unajadili sentensi na chanzo chake. Ukianza "wewe unatumwa", umeshindwa hata kama una haki. Mwenzako akikuudhi, jibu kesho. Na kama kwa maandishi yake unahisi ni mtu mzima, mwite Mzee au Mama. Nimeona mijadala mikali ikipoa kwa hilo peke yake, kwa sababu anayeheshimiwa huona aibu kukaza shingo.

Utajua umefika pale yule mliyekuwa mkigombana anaporekebisha koma katika sentensi yako badala ya kuifuta.

## Hatua ya 9: Wakikufuta tena

Usirudishe papo hapo. Wikipedia ya Kiingereza hukataza kurudisha zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24. Kwa Kiswahili, ambako wahariri ni wachache na wanafahamiana, mimi nasema mara moja inatosha, na iwe na sababu katika muhtasari wa uhariri.

Ikifutwa tena, nenda Majadiliano, nakili sentensi yako pamoja na vyanzo, uliza kilichokosekana. Kimya kikizidi siku saba, omba mhariri wa tatu asiyehusika atazame. Mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia, aitwe mwisho, kwa matusi, vitisho au uharibifu. Hakuwekwa kuamua nani mzalendo.

Jambo moja halisubiri siku saba: tuhuma nzito isiyo na chanzo juu ya mtu aliye hai. Hiyo iondoe mara uionapo, kisha ueleze.

Yule kijana wa Jumamosi tulikaa naye saa mbili na nusu. Sentensi yake mpya ina mwaka wa uchaguzi, jimbo, chama, na hoja moja binafsi aliyoipeleka mbunge yule bungeni kuhusu maji, kwa mujibu wa Hansard. Jumatatu asubuhi alinitumia picha ya ukurasa. Mtu aliyeandika "kibaraka" alikuwa ameongeza chini yake mwaka ambao mbunge huyo alishindwa uchaguzi, na chanzo chake.